Mfumo wa chama chetu unataka Chrome pekee: je, fundi yuko sahihi?

Swali: Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, na sasa ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi huku Rungwe. Msimu uliopita tulimlipa fundi wa kompyuta atutengenezee mfumo wa kuandikisha mizigo ya wanachama, unaofunguliwa kwa intaneti. Umekamilika, lakini juu ya ukurasa wa kwanza ameandika: “Tumia Chrome pekee.” Kompyuta ya ofisi ni ya zamani, ya Windows 7, na ina Firefox, nikijaza fomu, inakataa sehemu ya mwezi wa mavuno. Mwenyekiti ana iPhone, akapakua Chrome kama alivyoelekezwa, na bado anaambiwa atumie Chrome. Mweka hazina anatumia Opera Mini ili kubana bando, na kwake vitufe havifanyi kazi. Fundi anasema dunia nzima ni Chrome, sisi ndio tuliochelewa, na kwamba hata mizani ya kituo haiwezi kusomwa bila hiyo Chrome. Mjukuu wangu aliye chuoni hapo Mbeya anasema ni kweli vivinjari karibu vyote ni kimoja siku hizi, lakini hilo lenyewe ndilo la kuogopa. Nani mkweli kati yao, na mbadala ni upi?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu wako yuko sahihi, na fundi wenu yuko sahihi nusu. Ni kweli kwamba injini moja imeitawala wavuti, lakini utawala huo haumpi ruhusa ya kuwafungia mlango ninyi mliomlipa, na nitakuonyesha kwamba katika mambo manne aliyowakwamisha, matatu hayana uhusiano wowote na ukubwa wa Chrome.

Kwanza tutenganishe kivinjari na injini yake, maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya namna hii hupotea. Kivinjari ni kile unachokiona: kitufe cha kurudi nyuma, mahali pa kuandika anwani, orodha ya kurasa ulizohifadhi. Injini ni sehemu ya ndani inayopokea maandishi kutoka kwenye seva (kompyuta ya mbali inayotunza mfumo), ikayasoma na kutambua kwamba hiki ni kichwa cha habari, hiki ni jedwali, hiki ni kisanduku cha kujaza, ikapima kila kitu kikae wapi kwenye kioo, kisha ikakichora. Na ubavuni mwake hukaa injini nyingine ya lugha ya JavaScript, ambayo hufanya hesabu na kuitikia unapobofya. Ukisimama Kabwe, hapa Mbeya, utaona Hiace za rangi na majina ya kila namna, kila moja na utani wake nyuma ya kioo, lakini ukiinua viti vya mbele unakuta injini zile zile ambazo fundi mmoja anazijua kwa kuzisikiliza tu. Chrome, Edge ya Microsoft, Opera ya kawaida, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote zinaendeshwa na injini moja iitwayo Blink, ambayo msingi wake hutengenezwa zaidi na Google. Nje ya familia hiyo zimebaki injini kubwa mbili tu: WebKit ya Apple, iliyomo ndani ya Safari, na Gecko ya Mozilla, iliyomo ndani ya Firefox. Kwa hesabu za StatCounter, wanaopima matumizi ya vivinjari, za mwaka 2024, Chrome peke yake ilishika karibu theluthi mbili ya matumizi ya vivinjari duniani, Safari ilikuwa chini kidogo ya moja ya tano, na Firefox haikufika asilimia 3.

Sasa nije kwa mwenyekiti. Kwa miaka yote Apple imevitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit, viwe vya nani viwavyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya kidijitali ndiyo iliyowalazimisha kulegeza sharti hilo mwezi Machi 2024, na walililegeza kwa watumiaji walio katika nchi za umoja huo. Tukuyu, kwa bahati mbaya, haimo. Kwa hiyo mwenyekiti alipopakua Chrome alipata nembo na sura ya Chrome iliyovalishwa juu ya injini ya Safari. Hilo peke yake lisingemzuia kuingia. Kilichomzuia ni kwamba kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva hujitambulisha kwa mstari mmoja wa maandishi, na katika mstari huo Chrome ya iPhone haijiiti Chrome, hujiita CriOS. Bila shaka fundi wenu ameweka, kwa wanaoingia kwa iPhone, amri inayotafuta neno “Chrome” ndani ya mstari huo, na isipoliona inafunga mlango. Mwenyekiti ametii agizo neno kwa neno, na mlinzi aliyewekwa langoni hajui jina la utani la mgeni wake.

Mstari huo wa utambulisho una kichekesho chake ambacho siwezi kukipita. Chrome ya kawaida inapojitambulisha leo hutaja kwa mfululizo Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko, Chrome na Safari, yaani inajiita majina ya karibu ukoo mzima, wakiwemo washindani wake. Sababu ni kwamba tangu miaka ya 1990 watengenezaji wa tovuti wamekuwa wakikagua majina mlangoni, na kila kivinjari kipya kimelazimika kudanganya kwamba nacho ni yule wa zamani ili kiruhusiwe kuingia. Edge nayo hutaja neno Chrome kisha ikaongeza lake, ndiyo maana ukimpa fundi wenu kompyuta yenye Edge, mfumo utafunguka bila neno, na agizo lake la “Chrome pekee” litakuwa limekanushwa na mfumo wake mwenyewe.

Kuhusu sehemu ya mwezi wa mavuno, hapo kuna tofauti ya kweli ya injini, lakini ni ndogo na dawa yake ni ya robo saa. Katika lugha ya kurasa za wavuti kuna kisanduku maalumu cha mwezi. Chrome ya kompyuta ikikutana nacho inafungua kalenda ndogo, mtu anabofya mwezi na mwaka, na seva inapelekewa maandishi ya umbo moja, kwa mfano 2025-05. Firefox ya kompyuta haina kalenda hiyo ya mwezi, wala Safari ya kompyuta za Mac haina. Kanuni inasema kivinjari kisichokijua kisanduku cha aina fulani kikionyeshe kama kisanduku cha kawaida cha maandishi, nazo zinafanya hivyo. Wewe ukaona nafasi tupu, ukaandika “Mei 2025” kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika, na seva iliyokuwa ikingoja tarakimu na kistari ikakurudishia kosa. Fundi angeweka orodha mbili za kuchagua, moja ya miezi kumi na miwili na nyingine ya miaka, na kila injini iliyotengenezwa katika robo karne iliyopita ingeielewa, hata iliyomo kwenye simu za kitochi zenye KaiOS, ambazo injini yake, kwa taarifa yako, ni Gecko ya Mozilla.

Kwa mweka hazina jambo ni tofauti kidogo. Opera Mini, katika kiwango chake kikali zaidi cha kubana data, haichori ukurasa ndani ya simu. Ukurasa hufunguliwa kwenye seva za Opera, ukapunguzwa, kisha simu ikapelekewa matokeo yaliyobanwa. JavaScript huendeshwa huko huko kwa muda mfupi, halafu hukatwa. Ukurasa unaotegemea JavaScript kwa kila kitufe utaonekana umekufa. Kwenye simu ya Android mweka hazina anaweza kuingia kwenye mipangilio ya Opera Mini na kushusha ukali wa ubanaji kwa ngazi moja, na hapo ukurasa utachorwa ndani ya simu yake kama kawaida. Hata hivyo naliona hili pia kuwa deni la fundi: fomu ya majina, kilo na namba ya kreti haina sababu ya kutegemea JavaScript ili itume maandishi, kwa kuwa fomu za wavuti zilikuwa zinatuma maandishi kabla lugha hiyo haijazaliwa.

Inabaki mizani, na hapa fundi ana hoja. Kama mizani ya kituo imeunganishwa na kompyuta kwa waya, na anataka uzito uingie wenyewe kwenye fomu bila karani kuuandika, njia nyepesi ni kipengele kiitwacho Web Serial, kilichoingia Chrome ya kompyuta mwaka 2021 na kinachopatikana pia kwenye Edge. Apple ilitangaza mwaka 2020 kwamba haitakiweka kwenye Safari, pamoja na vipengele vingine zaidi ya kumi, kwa hofu kwamba tovuti zingevitumia kumtambua mtu kwa alama za vifaa vyake. Mozilla nayo ilikipinga kwa miaka kwa hoja za usalama. Mtu anaweza kuwaona Apple na Mozilla kuwa wagumu, na mimi mwenyewe ninayefunga mizani vijijini nimewahi kuwanung'unikia. Lakini kipengele hicho kinahitajika kwenye kompyuta moja tu, ile iliyoko kituoni kando ya mizani. Hapo weka Chrome au Edge, karani apime, na yeyote asiye na waya wa mizani aandike uzito kwa mkono. Kuwafunga wanachama wote kwa sababu ya kompyuta moja ni sawa na kuwataka wakulima wote waje na lori kwa sababu mnunuzi ana lori.

Nimeyamaliza ya kwenu. Sasa nijibu hoja ya mjukuu, ambayo ni nzito zaidi. Haya yamewahi kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer ya Microsoft ilishika zaidi ya asilimia 90 ya vivinjari vyote. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuwasukuma, toleo la 7 lilikuja mwaka 2006. Katika miaka hiyo mitano wavuti iligota, na mifumo mingi ya ofisi ikaandikwa kwa tabia za Internet Explorer 6, pamoja na makosa yake. Korea Kusini waliumia kuliko wengi: mwishoni mwa miaka ya 1990 walijitengenezea usimbaji wao wa kulinda malipo mtandaoni, kwa kuwa usimbaji imara wa Marekani ulikuwa umebanwa kwa sheria za kuuza nje, wakaufunga kwenye kiungo cha ActiveX kinachofanya kazi ndani ya Internet Explorer, na nchi yenye intaneti ya kasi kuliko nyingi duniani ikabaki imefungwa kwa kivinjari kimoja cha zamani kwa karibu miongo miwili.

Sihitaji kwenda Korea, kwa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa nikihudumia ofisi moja hapa mjini, nisiyoitaja, ambayo mfumo wake wa mishahara ulifunguka kwa Internet Explorer 6 tu. Kompyuta nyingine zote zilikwisha kubadilishwa, isipokuwa moja ya Windows XP iliyowekwa chumba cha nyuma, ikafunikwa kitenge kuikinga na vumbi, na watumishi wakaiita Bibi. Kila tarehe 22 mhasibu alifunua kitenge, akamsubiri Bibi dakika kumi aamke, akaandaa mishahara, akachapisha, akafunika. Aliyeandika mfumo alikuwa amehamia Dar es Salaam na hapokei simu. Mwezi wa Machi, mvua ya radi ikiwa imeanza kule Loleza, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, na Bibi hakuamka tena. Mfumo wenyewe ulikuwa salama kwenye seva, na kumbukumbu zote zilikuwa salama. Kilichokosekana ni kivinjari cha kuzifungulia. Tuliketi watu wanne kwa wiki mbili tukinakili mishahara ya miaka mitatu kutoka kwenye karatasi zilizochapishwa. Tangu hapo, nikiona maneno “tumia hiki pekee” juu ya ukurasa, namkumbuka Bibi na kitenge chake.

Aliyeung'oa utawala wa Internet Explorer alikuwa Firefox, iliyotoka toleo la 1.0 mwezi Novemba 2004 kutoka kwenye msimbo (maandishi ya programu) ambao Netscape, wenye kivinjari cha zamani cha jina hilo, waliufungua kwa umma mwaka 1998, na ambayo kwenye mwaka 2010 ilikuwa imeshika karibu theluthi moja ya watumiaji. Kisha mwezi Septemba 2008 ikaja Chrome. Injini yake ya mwanzo ilikuwa WebKit, ambayo Apple walikuwa wameitoa kwenye KHTML, kazi ya wanaprogramu wa kujitolea wa mradi wa KDE, na mwezi Aprili 2013 Google wakajitenga na Apple na kuanzisha tawi lao, Blink. Mwaka huo huo Opera waliachana na injini yao ya Presto iliyokuwa nzuri sana. Desemba 2018 Microsoft nao walitangaza kuiacha injini yao, na Edge mpya ya Januari 2020 ikatoka na Blink. Ukiuliza kwa nini wakubwa hawa walikata tamaa, jibu ni gharama. Kanuni za wavuti zimekuwa nyingi mno, zinaongezeka kila mwezi, na injini inadai mamia ya wahandisi wa kudumu. Na hata ukifuata kanuni zote bado tovuti nyingi zitavunjika kwako, kwa sababu mafundi wa namna ya fundi wenu wamezijaribu kwenye Chrome tu. Kila anayejitoa anamwongezea uzito aliyebaki.

Haki itendeke: Blink si Internet Explorer 6. Msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuuchukua, ndiyo maana Brave na Vivaldi zipo. Matoleo mapya hutoka kila baada ya wiki chache, si miaka mitano. Na tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na kampuni ya Igalia na nyingine, hukubaliana kila mwaka orodha ya mambo ambayo injini zote ziyafanye kwa namna moja, kisha matokeo ya majaribio yakawekwa hadharani. Kwa fundi, kazi ya leo ni nyepesi mara kumi kuliko enzi za Bibi. Anayekuambia kwamba hali ni ile ile ya mwaka 2003 anatia chumvi.

Kinachonisumbua mimi ni nani mwenye neno la mwisho. Kuna mfano mmoja mzuri ambao wanafunzi wangu huushangaa. Mwishoni mwa muongo wa 2000 palipendekezwa kanuni ya kuweka hifadhidata ndani ya kivinjari, iitwayo Web SQL. Chrome na Safari zilikuwa nayo, na Opera vilevile, na ilifanya kazi. Lakini Novemba 2010 jumuiya ya viwango vya wavuti, W3C, iliisimamisha, kwa hoja kwamba watekelezaji wote walikuwa wametumia programu ile ile ya ndani, SQLite, na kanuni haiwezi kuitwa kanuni kama hakuna watekelezaji wawili waliofika mahali pamoja kwa njia tofauti. Ingekuwa maelezo ya tabia za SQLite tu, pamoja na makosa yake. Mwalimu unalijua hili kwa kusahihisha mitihani: majibu arobaini yanayofanana yaliyonakiliwa kwa mwanafunzi mmoja hayathibitishi kwamba jibu ni sahihi. Injini ikibaki moja, hoja ile ya mwaka 2010 itakuwa imeihusu wavuti nzima, na kitakachoitwa kanuni ni chochote ambacho Blink itakuwa inafanya asubuhi hiyo.

Tena mwenye Blink anaishi kwa matangazo. Katika mwaka 2024 na 2025 Chrome ilizima mfumo wa zamani wa viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, na kuleta mpya unaovipunguzia uwezo vile vya kuzuia matangazo; uBlock Origin, kinachopendwa kuliko vingi, hakifanyi kazi tena humo kwa ukamilifu wake, ilhali Firefox imebaki na mfumo wa zamani pamoja na mpya. Google walitoa sababu za usalama na kasi, na baadhi yake ni za kweli. Hata hivyo uamuzi ulitoka kwenye nyumba ambayo mlo wake ni matangazo. Mwishoni mwa mwaka 2022 wahandisi wa Chrome waliamua pia kuiondoa JPEG XL, namna mpya ya kubana picha, wakisema haina mvuto wa kutosha, wakati kampuni kubwa kadhaa zilikuwa zimeandika hadharani kuiomba. Huenda walikuwa na hoja. Ila namna ya picha iliyokuwa haifunguki kwa theluthi mbili ya dunia, nani angeitumia? Kwa wakati ule, kwa wengine wote shauri lilikuwa limekwisha.

Mbadala, basi. Kwanza niondoe kisicho mbadala: kuhama kutoka Chrome kwenda Brave, Opera au Edge kunaweza kukupa ulinzi zaidi wa faragha au sura unayoipenda, na si vibaya, lakini injini haijabadilika. Mbadala halisi mnao tayari, Mwalimu, kwenye kompyuta yenu ya ofisi. Gecko ya Firefox ndiyo pekee kati ya injini kubwa tatu ambayo haina kampuni ya matangazo wala kampuni ya simu nyuma yake. Iko chini ya taasisi ya Mozilla isiyogawa faida. Kwenye simu ya Android inakubali viendelezi, Chrome ya simu haikubali, na kwa mtu anayenunua bando la siku, kuzuia matangazo ni pesa mfukoni. Doa lake kubwa halifichiki: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, wanaolipa ili utafutaji wao uwe chaguo la kwanza ndani ya Firefox. Kesi ya Marekani iliyomtia Google hatiani kwa ukiritimba wa utafutaji mwezi Agosti 2024 ilitishia malipo hayo na hata kumtaka Google auze Chrome, lakini uamuzi wa Septemba 2025 ulikataa uuzaji huo na kuyaacha malipo ya namna hiyo yaendelee kwa masharti. Mshindani anayelishwa na mpinzani wake si hali ya kujivunia, ila ndiye tuliye naye.

WebKit ni mbadala imara kiufundi, na kwa ushupavu wa Apple kwenye iPhone imezuia Blink isimeze simu zote, ingawa kwa nia isiyo safi sana. Asiye na kifaa cha Apple anaweza kuipata kwenye Linux, mfumo huria wa kompyuta unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ndani ya kivinjari cha GNOME. Baada ya hapo tunaingia kwenye vitalu vya miche. Servo ilianzishwa na Mozilla mwaka 2012 kwa lugha ya Rust, baadhi ya viungo vyake vikaingia Firefox mwaka 2017, timu yake ikaachishwa kazi Agosti 2020, na sasa inalelewa chini ya Linux Foundation huku wahandisi wa Igalia wakiifufua tangu 2023. Ladybird ndiyo inayonisisimua zaidi: Andreas Kling aliianza kama sehemu ya mfumo wake wa kompyuta wa SerenityOS, akiiandika injini kutoka mwanzo bila kuchukua msimbo wa Blink, WebKit wala Gecko, na mwezi Julai 2024 iliundiwa taasisi isiyo ya kibiashara iliyopanga toleo la kwanza la majaribio kwa mwaka 2026. Zote mbili ni za kufuatilia. Msiziwekee mizigo ya wanachama.

Kuna jambo moja la haraka kuliko yote haya. Mkimtii fundi na kuweka Chrome kwenye kompyuta yenu ya Windows 7, mtaweka toleo la 109 la mwanzoni mwa 2023, kwa sababu Google hawajatoa jingine kwa Windows hiyo, na mtaandika fedha za wakulima ndani ya kivinjari ambacho matundu yake hayazibwi. Mozilla waliendelea kutoa viraka vya usalama kwa toleo la 115 la Firefox kwa ajili ya kompyuta za namna hiyo kwa zaidi ya miaka miwili baada ya Chrome kusimama. Hata hivyo Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020, na kama kompyuta ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, ningemwita kijana yeyote wa pale chuoni kwa mjukuu wako aifute na kuiwekea Linux nyepesi yenye Firefox ya kisasa. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa fundi, msigombane naye. Mwandikieni barua fupi yenye mambo haya. Aondoe amri inayokagua jina la kivinjari, na badala yake, pale anapohitaji kipengele kama cha mizani, mfumo uulize kama kipengele hicho kipo, na kisipokuwepo utoe kisanduku cha kuandika uzito kwa mkono. Abadilishe kisanduku cha mwezi kuwa orodha mbili. Fomu itume hata JavaScript ikizimwa. Aweke pia njia ya kupakua kumbukumbu zote za wanachama kama jedwali la kawaida linalofunguka kwenye programu yoyote, na mweka hazina alipakue kila mwisho wa mwezi na kulihifadhi kwenye flashi, ili mfumo ukifa kumbukumbu zisife nao. Akidai pesa za ziada kwa jedwali hilo, anayo haki ya kudai kidogo; kwa mengine, ni kasoro za kazi mliyokwisha kuilipia.

Siku ya kukabidhiwa tena msikubali aonyeshe mfumo kwenye kompyuta yake mpakato. Wewe keti kwenye kompyuta ya ofisi, mwenyekiti ashike iPhone yake, mweka hazina Opera Mini yake, karani awe kwenye mizani na kreti moja ya parachichi, na kila mmoja aandikishe mzigo ule ule wa mwezi ule ule, mbele ya fundi, kabla hamjatia saini.